Stovu Mpya ya Changamwe

Wallahi, stovu ile ilikuwa nzuri! Chuma kizito, mlango mweupe kama sahani. Nilikuwa nimejigamba kwa memsahib, bibi Mzungu mwenye nyumba, kuwa nazijua stovu zote, ndipo akanijaribu upishi. Mkate wa kwanza ungeamua kama nitabaki. Nikawasha kuni, nikatia mkate ndani. Sasa, marehemu mama, fundi wa mikate ya harusi kule Bofu, alikuwa akioka mkate kwa moto chini na makaa juu ya kifuniko cha sufuria. Basi nami nikayapanga makaa juu ya stovu.

“Kaka, umepata kuiona stovu kweli?” akauliza Dama, yaya.

“Lea mtoto wako!”

Memsahib akaingia na wageni kuwaonyesha stovu. “Nani weka moto hapa juu?”

“Mimi,” nikajibu kwa fahari. “Walioiunda walisahau mahali pa makaa ya juu.”

Dama akakimbilia uani kucheka.