Nilivyomchagulia Mama Kendi risasi ya moose, na kigelegele kilichosimamisha range nzima

Wakuu, wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Ninacholeta hapa nimekishuhudia kwa macho yangu. Mhusika mwenyewe ameniruhusu nikiandike, mradi nisimfanye aonekane mzee. Mama Kendi, nitajitahidi.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mtanzania, nimesoma uhandisi wa metali hapa Birmingham. Baada ya graduation nikapata kazi kwenye karakana ndogo inayotengeneza na kuuza bunduki za uwindaji, upande wa Hockley. Ndiyo, najua. Hata mama yangu alishtuka.

Shida yangu ni kuwaza kupita kiasi. Nilitaka kununua birika la umeme, nikasoma reviews mpaka nikachanganyikiwa, nikaendelea kuchemsha maji kwenye sufuria.

Sasa huyu Mama Kendi ni nesi, Mkenya wa Meru, tunasali naye Sparkbrook. Ana leseni na bunduki yake ya .308 (hicho ni kipimo cha risasi zake), na huwa anaenda Scotland kuwinda kulungu na wenzake wa klabu. Binti yake, Kendi, amechumbiwa na kijana wa Sweden. Huko ukweni kila vuli ukoo mzima unaingia msituni kuwinda moose.

Kwa asiyemjua, ni mnyama wa jamii ya kulungu, ukubwa kama pofu, pembe pana kama mabeleshi.

Baba mkwe akamwalika Mama Kendi. Mama Kendi akaja dukani.

"Kijana, nichagulie risasi. Wale watu wote watakuwa wananiangalia mimi. Nikijeruhi huyo mnyama akimbie na maumivu, tushinde tukimtafuta msituni na wakwe zangu, hii uso nitaiweka wapi?"

Bosi wangu, Singasinga mzaliwa wa Nakuru, alikuwa anasikia kila neno. "Huyo ni customer wako," akaniambia, akaenda kutengeneza chai.

Wakuu, nilifungua spreadsheet siku hiyohiyo.

Niwape somo kidogo. Risasi ya mnyama kama huyu inatakiwa itanuke ikishaingia mwilini, ifunguke kama uyoga, ili aanguke haraka bila kuteseka. Isipotanuka inatoboa tundu dogo na kupita zake. Sheria ya kule pia inataka inayotanuka. Lakini ikifunguka mapema mno inasambaratika juujuu, haifiki kwenye moyo na mapafu.

Kuna ya kawaida, madini laini ndani na koti la shaba nje. Nzuri, ila ikigonga mfupa wa bega inaweza kupasuka. Kuna bonded, ni hiyohiyo lakini koti limeshikanishwa na madini ya ndani ili visiachane. Halafu kuna ya shaba tupu, haivunjiki kirahisi na haiachi vipande kwenye nyama, ila inahitaji kasi ndiyo ifunguke vizuri.

Hapo Utanzania ukaniponza.

Mjomba wangu alikuwa askari wa wanyamapori. Nimekua nikisikia habari za nyati, kwa hiyo kichwani mwangu mnyama mkubwa maana yake ni nyati: ngozi nene, mifupa kama reli, kinyongo. Nikamvika moose sifa zote hizo. Nikachagua shaba tupu, nzito kuliko zote tulizokuwa nazo za .308.

Nikampigia mjomba ili anipe baraka.

"Huyo mnyama anakula nini?" akauliza.

"Majani na matawi."

"Akiona mtu?"

"Mara nyingi anajiondokea."

"Sasa mjomba, wewe unamwogopea nini?"

Lakini spreadsheet ilikuwa imeshaamua. Nikaendelea kushikilia uamuzi wangu.

Jumamosi tukaenda range, uwanja wa kulenga shabaha, na aina zote tatu. Hilo ni lazima, wakuu. Bunduki nazo zina mapenzi yake. Risasi inayokubali kwenye .308 yangu inaweza kukataa kwenye ya kwako.

Tukaanza na chaguo langu. Akapiga tatu. Nikachungulia kwa darubini: matundu yametawanyika kwa upana wa sahani ya wali.

Mama Kendi akawa anasugua bega. "Hii yako inanipiga mimi kabla ya huyo mnyama."

Nikaanza kumweleza habari za mizunguko ya ndani ya mtutu. Akaninyooshea mkono. "Wewe, wacha lecture. Leta ingine."

Ile ya kawaida ikawa afadhali. Halafu tukaweka bonded ya uzito wa katikati, ambayo kwenye orodha yangu, ukihesabu aina na uzito, ilikuwa ya nne. Matundu matatu, kizibo cha soda kingeyafunika yote.

Nikagundua kitu ambacho spreadsheet haikuwa na safu yake. Kwa ile nzito alikuwa anafumba macho kabla ya kufyatua. Kwa hii alikuwa ametulia kama anampima mgonjwa presha.

Nikamwonyesha kwenye darubini. Mama Kendi akasimama akapiga kigelegele.

Si kidogo. Kile cha harusini.

Filimbi ikalia! Watu wote wakaweka silaha chini na kurudi nyuma ya mstari. Msimamizi wa range akaja mbio, uso mwekundu. "Who's hurt?"

"Nobody is hurt, my dear," Mama Kendi akamjibu. "I am happy."

Msimamizi akatutazama, akaenda kuangalia target, akarudi. "Well," akasema, "fair enough."

Basi akasafiri. Mimi nikabaki naona moose akichechemea kwenye kila kona ya Birmingham. Nikiwa kwenye basi, nikiwa kazini, simu mkononi. Bosi akaninyang'anya simu mara mbili.

Hatimaye voice note ikaingia, nusu yake kicheko.

Kule kila mwindaji anakaa sehemu yake na redio. Moose alitoka kwenye miti, akasimama ubavu. Mama Kendi akampiga nyuma ya bega. Hatua chache tu, akaanguka pale pale uwazini.

Utaratibu wao ni kutoa taarifa redioni, kwa sauti ya chini. Alikuwa amefundishwa sentensi ya Kiswidi, ikamtoka kichwani yote. Akabonyeza kitufe, akapiga kigelegele.

Kisha baba mkwe redioni, kwa Kiingereza cha taratibu: "Huyo ni wewe, au ni moose?"

Ninaambiwa sasa yule mzee anajifunza kigelegele kwa ajili ya harusi. Hakiji, lakini hakati tamaa.

Risasi ilikutwa chini ya ngozi ya upande wa pili, imefunguka kama uyoga wa kwenye kitabu. Mama Kendi aliniletea kanisani, imefungwa kwenye tishu. Ndiyo, niliipima uzito. Siwezi kujizuia.

Nilichojifunza: soma, linganisha, lakini mpe mpigaji na bunduki yake nafasi ya kusema. Iliyo bora kwenye karatasi haina faida kama anayefyatua amefumba macho.

Waliowahi kuwinda pofu kihalali humu, mlitumia risasi gani? Na Wakenya, hivi mnafundishwa wapi kupiga kigelegele kirefu namna ile?

Naandika huku nakunywa chai. Birika nilinunua jana, la kwanza nililoliona dukani. Linachemsha.