Gari la Chini Juu ya Tela la Mpunga

Tela langu nililichomelea mwenyewe, mimi niliyeishia darasa la nne, na limebeba mpunga wa Makwale kuliko tela lolote hapa Kyela. Ndiyo maana mfanyabiashara wa mjini alipotaka gari lake la spoti lililokufa lifike Mbeya, alinifuata mimi.

Nikang'oa mbao za ubavuni, nikatengeneza njia mbili ndefu za kupandishia, maana tumbo la gari lile karibu liguse ardhi. Tukalisukuma, pua mbele. Hata mpunga mimi huupanga uzito mbele, ukandamize mkia wa pikapu yangu inayolivuta tela. Na gari uzito wake si uko puani, kwenye injini?

Nilipoondoa jeki zilizoshikilia nyuma ya tela, tela likainama nyuma na mkia wa pikapu ukanyanyuka. Gari likaanza kuvuta kamba nilizolifungia.

"Fundi, gari langu linarudi!"

"Tulia, sheikh," nikamwambia, nimelikinga kwa kifua na jasho linanitoka.

"Injini iko nyuma!"

"Si ungesema!"

"Ningesema saa ngapi? Ulikuwa unajisifu."

Tukalishusha, tukaligeuza, likapanda kinyumenyume. Pikapu ikatulia, moyo wangu haukutulia. Mlima wote wa Tukuyu nilitazama kioo kuliko barabara, na kila kona nilisikia kamba ikikatika, ingawa haikukatika.

Mbeya nilizima pikapu, vidole vikagoma kuachia usukani.

"Ndaga fijo, fundi," mwenye gari akanishukuru.

"Kazi ndogo hiyo," nikamjibu.