Engida Mfumi na Siku Tisa za Metaferia

Mkitaka habari za Engida mfumi niulizeni mimi, msiwaulize wa magazetini. Nimekaa naye ukuta kwa ukuta hapa Shiro Meda miaka thelathini na minane. Na katika ile tamthilia ya nyimbo iliyoliza Addis Ababa nzima, ngoma mlizozisikia ni mikono yangu hii. Wapo wanaosema huko Gondar kuna mpigaji anayenishinda. Waacheni, kinywa ni chao.

Engida alishuka mjini kutoka milima ya Chencha, kijana wa Kigamo asiyejua kitu ila pamba. Kama wafumi wote wa kwao, alichimba shimo sakafuni, akategesha kitanda cha kufumia juu yake, akawa anakaa ukingoni, miguu shimoni ikikanyaga kamba. Mchoraji Metaferia Gobeze, ambaye leo picha zake zimo hata kwenye kalenda, hakuchora ila juu ya kitambaa cha Engida. Turubai za dukani alisema zinakunywa rangi kama mlevi.

Engida hakuoa. Nilimtania kwamba hata shamma, zile shuka nyeupe anazofuma, zinapata wa kuzivaa, yeye je? Akanijibu kuwa kila akinitazama mimi na mke wangu huona heri ya shamma. Nilinuna mwezi mzima.

Ikaja enzi ya wanajeshi. Metaferia akamchora jenerali asiye na masikio, wakaanza kumsaka. Siku tisa alijificha ndani ya lile shimo, Engida akifuma juu yake, miguu ameiweka mabegani mwa mwenzake. Askari waliingia mara mbili, wakamwona mfumi anafuma, wakaenda zao. Siku ya kumi Metaferia alizidiwa na hamu ya binti yake mdogo, Yeshimebet, aliyekuwa kwa Kibret, kaka yake Metaferia. Akatoroka kwenda kumwona. Alikamatwa tonge la injera likiwa mkononi, na aliyepeleka habari ni huyo huyo Kibret.

Huu si umbea. Metaferia alipotoka gerezani baada ya miaka sita alitusimulia mwenyewe, mimi, Engida na Yeshimebet, chupa ya pombe kali ya areki katikati. Akatuapisha yasitoke, maana ndugu ni ndugu. Hayakutoka. Yeye akafa na heshima zake, na Kibret akazeeka na zake.

Mwaka juzi Yeshimebet akaamua maisha ya baba yake yaimbwe jukwaani kwa nyimbo za watu wote wa nchi hii: Wagurage, Waoromo, Watigray, Wasomali, Wagamo, kila mmoja na ngoma yake. Alikuja kwa Engida, akanywa kahawa mizunguko yote mitatu, akamwambia kwamba bila yeye baba hana hadithi. Engida akamweleza zile siku tisa, saa kwa saa. Akawafundisha vijana saba wa Kigamo waliozaliwa mjini wimbo wanaoimba wazee wa kwao wakifuma. Kisha akajifumia shamma ya kwendea kutazama. Sikuwahi kumwona akijifumia kitu.

Jumapili mchana pazia likafunguliwa. Tukafika pale mfumi anafuma, askari wanaingia. Mfumi akanyanyuka polepole, akatoa miguu shimoni, akawaonyesha kwa kidole. Nyuma yake vijana saba wakauimba ule wimbo.

Mtaniuliza, mazoezini hukuona? Niliona. Nilimnong'oneza Yeshimebet, akasema tamthilia si mahakama. Nikanyamaza, kwa kuwa jina langu lilikwisha kuchapwa kwenye tangazo, kwa herufi kubwa kuliko nilivyotarajia. Vijana nao walidhani ndivyo ilivyokuwa, na kwamba mzee amewafundisha kwa kutubu, basi wakamstahi wasimguse kidonda.

Jumatatu mama wa kahawa alimjazia Engida kikombe bila salamu. Kufika Jumatano, kwenye chama chetu cha mazishi, watu walikuwa wanaulizana ni nani atakayebeba jeneza la msaliti. Kwetu mtu anaweza kuishi bila vingi, lakini si bila mabega ya kumbeba. Engida akanichukua twende kwa Yeshimebet.

"Hakuna aliyetaja jina lako, Gashe," binti alisema, akimwita kwa neno la heshima kwa wakubwa.

"Ni mfumi gani mwingine aliyemficha baba yako?"

"Ami Kibret alikaa kiti cha mbele na wajukuu zake. Ulitaka niwaonyeshe nini wale watoto? Wewe huna mtoto wa kuaibika."

Engida alimuaga kwa adabu kama mgeni.

Jumapili iliyofuata nilimkuta mlangoni pa jumba la michezo amepiga magoti, ameshika majani mabichi kwa mikono miwili. Kwa Wagamo, mzee akikupigia magoti na majani hivyo huna ruhusa ya kumpita mpaka umsikilize. Vita vimezimwa kwa majani hayo. Lakini watu wa mjini wanajua nini? Walimwona yule msaliti wa jukwaani amekuja kuomba msamaha. Mama mmoja alimgusa kichwa akasema, "Mungu akusamehe, baba." Nikaona Engida amefumba macho. Jambo alilolifanya ili limzuie Yeshimebet limegeuka ungamo lake mwenyewe.

Vijana saba walifika wamekwisha kuvaa. Wakasimama ghafla. Mkubwa wao akauliza taratibu, "Baba, nani amekukosea?"

Engida alimtazama Yeshimebet, aliyekuwa anashuka kwenye gari. Binti aliyaona majani, na alijua maana yake, maana Engida ndiye aliyemweleza kwenye ile kahawa. Alikusanya gauni lake, akapita pembeni.

Wale vijana wakaketi chini nyuma ya mzee, mmoja mmoja, na siku ile Wagamo hawakuonekana jukwaani.

Mimi nilikuwa na ngoma begani. Nikajiambia mimi si Mgamo, sheria ya majani hainifungi. Nikapita.

Mwisho wa mwezi Engida alikuja kwenye mkutano wa chama cha mazishi. Alisema maneno machache: kwamba hakumtoa Metaferia, na kama hawamwamini, jina lake lifutwe, akazikwe kwao Chencha. Mwenyekiti, mtu wa haki, hakuharakisha. Aliuliza kama yupo anayejua ukweli wa jambo hili asimame aseme.

Nilikuwa mstari wa pili. Nikainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa. Engida alingoja, hakumtazama mtu mwingine yeyote ila mimi. Kisha akachukua kofia yake, akawatakia wote afya, akatoka.