Milima ya Frigoliti

Mara ya tatu baba alipotoroka nyumbani, watu walimkuta kwenye barabara inayoteremka Bugarama, jua la saa saba likimpiga utosini, amevaa koti zito na kulifunga vifungo vyote. Alikuwa anakwenda kazini, kumpokea mwenzake zamu. Kamembe, mji wetu, hakuna treni. Rwanda nzima hakuna treni. Lakini baba alikula chumvi nyingi kwenye reli ya upande wa Kongo, katika kituo kidogo kilichobanwa na milima, si mbali na Kalemie, na akili yake ilipoanza kumtupa mkono ilimrudisha kule kule. Dereva wa lori la mchele ndiye aliyemrudisha nyumbani.

Dada yangu mkubwa, aliyeolewa Bukavu, alivuka daraja la mpakani siku ile ile. Alikuja na kufuli. Aliliweka juu ya benchi langu la kushonea viatu, katikati ya nyundo na misumari, kabla hata hajanisalimia.

"Papa atakufa mu barabara," alisema. "Ama atatumbukia mu ziwa. Tumufungie mu chumba, asubui mpaka mangaribi."

"Tumufungie Papa sawa mbuzi?"

"Weye uko na akili ingine? Sema."

Sikuwa nayo, na hilo ndilo lililonichoma. Mke wangu alikuwa sokoni kutwa, mimi nilikuwa nimeinamia viatu vya watu, na kila nilipoinua kichwa nilikuta kiti cha baba kitupu. Nilimwomba dada wiki mbili, tena kwa ukali, kama mtu anayedai haki yake. Akanipa mpaka Ijumaa ya pili. Kufuli aliliacha palepale.

Nilikuwa nimeona treni ya kuchezea kwenye robota la mitumba, ndogo, ya betri, na reli zake za kuunganisha. Niliitandika juu ya meza chumbani kwa baba. Aliitazama ikizunguka mara mbili.

"Hii ni kitu ya batoto," akasema, akachukua koti lake.

Nilimzuia mlangoni. Akanizaba kofi. Baba hakuwahi kunipiga hata nilipostahili, na sasa nilikuwa mtu mzima mwenye mvi, nimesimama mlangoni nashika shavu, na nilikuwa namwogopa. Siku ile nilimfungia kwa saa nzima kwa kuegemea mlango kwa mgongo wangu, huku yeye akigonga upande wa pili na kuniambia treni inafika, treni inafika, nani atasimama na bendera?

Hapo ndipo nilipokumbuka. Mama, enzi za uhai wake, alikuwa akilalamika kuhusu sheria moja ya kule relini: mtu wa zamu haondoki kituoni mpaka mwenzake afike na kupokea bendera mkononi. Mvua inyeshe, njaa iume, haondoki. Niliwahi kuugua surua nilipokuwa mdogo, nyumbani Kalemie, baba akakaa kituoni siku tatu kwa sababu mwenzake hakuja. Basi baba hakuhitaji kitu cha kuchezea. Alihitaji kuwa zamu. Na zamu haipo bila kituo, na kile kituo hakipo bila milima yake miwili na pale reli inapopenya katikati.

Nilianza na udongo wa mfinyanzi. Meza ikainama, mlima ukapasuka ulipokauka. Nilihitaji kitu chepesi, cha kukatika kwa kisu, na kitu hicho kila mtu kwetu anakijua: frigoliti, ile nyeupe ya punje punje inayofungiwa televisheni isivunjike safarini. Shida ni kwamba kila mtu anaijua na hakuna anayeitoa. Ingia nyumba yoyote, Kamembe au Bukavu, utazame juu ya kabati. Utaliona kartoni la televisheni limekaa kama mgeni wa heshima, frigoliti yake ndani, haijamegeka hata kona. Ni ushahidi kwamba televisheni ilinunuliwa mpya dukani. Tena sisi watu wa huku tumewahi kuhama bila kuagana na jirani, na siku kama hiyo televisheni hurudi kwenye frigoliti yake.

Niliomba nyumba tatu. Maman mmoja alinicheka machoni. "Unapenda nibebe televizio mu kitenge sawa mutoto?" Nilitoka kwake nimenuna.

Siku zikaniishia. Mwishowe muuza friji mmoja wa Bukavu alinipa mbao nne za frigoliti, pana kama milango. Nilizibeba kichwani mpaka darajani, na pale askari wa forodha akanisimamisha, kwa sababu zilikuwa zimefungwa ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki, na mifuko ile Rwanda haiingii.

"Hii ni ya nini, Mzee?"

"Ya kujenga mulima."

Alinitazama, akazitazama mbao. Nilijua akizichukua nimekwisha. Akaagiza nivue mfuko, akauchukua, akaniambia nipite. Bila mfuko, upepo wa mtoni ukaziingia mbao zangu. Moja iliniponyoka ikaruka juu ya ukingo, na watu wote darajani wakasimama kuitazama ikielea kwenda zake. Wengine walicheka. Mimi nililala kifudifudi juu ya tatu zilizobaki, mbele za watu, na sikuona haya.

Sasa nieleze upumbavu wangu. Mimi ni fundi viatu, na katika mji wetu hakuna aliyewahi kurudisha soli niliyoigandisha. Watu wanapanda na kushuka vilima vya Nkungu kwenye matope wakiwa na gundi yangu miguuni. Kwa hiyo nilipoanza kubandika mlima sikujiuliza mara mbili. Nilipaka gundi ya viatu pande zote, nene, nikaipa muda ikauke kidogo kama kazi inavyotaka, nikakandamiza, nikaenda kuswali adhuhuri. Niliporudi hapakuwa na mlima. Palikuwa na ute mweupe unaonuka, na mashimo, na reli imezama ndani. Gundi ilikuwa inaila frigoliti mbele ya macho yangu, inachemka polepole, wala hapakuwa na la kufanya. Mtu mwingine yeyote angepika uji wa unga akabandikia. Ni fundi viatu tu anayeweza kuiamini gundi ile kiasi kile. Nilikaa chini nikalia, nasema wazi. Ilikuwa Jumatano.

Nilikuwa najua kartoni moja tu ambalo sijaliomba. Alhamisi asubuhi nilimwacha baba na mke wangu, nikavuka daraja mpaka kwa dada, ambaye tangu utotoni namwita Yaya.

"Yaya, nipe frigoliti ya televizio yako."

Aligeuka akatazama juu. Televisheni ile ilikuwa fahari ya nyumba yake, na kartoni lilikuwa juu ya kabati, limefunikwa kitambaa cha kufuma.

"Na ikikatala?" akauliza. "Papa akitoka tena?"

"Ikikatala, miye mwenyewe nitafunga mulango kesho. Sitakusumbua tena."

Kulisema neno lile kuliniuma kuliko kofi. Dada alivuta kiti, akapanda mwenyewe, akalishusha kartoni. Alivunja utepe wa gundi kwa kucha. "Bwana yangu akiuliza," alisema, "weye njo utakuya kumueleza." Kisha akajifunga kitenge, akachukua nusu ya vipande, tukavuka pamoja.

Tulifanya kazi kutwa. Dada alipika uji mzito wa unga wa muhogo, mimi nikachonga kwa kisu changu cha soli. Tulichomeka njiti za mishikaki zishike milima isiyumbe. Tulipaka udongo mwekundu, tukanyunyiza majani ya chai yaliyokwisha kupikwa, yakawa vichaka. Tulibishana mlima mrefu ulikuwa upande gani. Dada alisema kushoto, mimi kulia. Tulikuwa tumekitembelea kituo kile utotoni, na hakuna aliyekuwa na hakika.

Ijumaa, baada ya swala, nilimwita baba. Dada alisimama mlangoni, kufuli mkononi, amelificha kwenye kitenge lakini nililiona. Niliwasha treni. Ikapotea nyuma ya mlima mrefu, ikabaki sauti tu, halafu ikachomoza pale katikati. Treni ikazunguka mara tatu, nne. Kisha akageuka akalifuata koti lake msumarini, na nikasikia dada akilifungua kufuli.

Baba alivaa koti. Akafunga vifungo vyote, polepole, mpaka cha shingoni. Akaninyooshea mkono.

"Bendera iko wapi?"

Nilikuwa na kipande cha kitambaa chekundu mfukoni. Nilikiweka kiganjani mwake kwa mikono miwili, kama watu wanaokabidhiana zamu. Aliitikia kwa kichwa, akavuta kiti, akakaa mbele ya milima. Alikaa mpaka magharibi. Jumamosi alikaa tena, na Jumapili. Mlango ulikuwa wazi kutwa na hakuutazama. Dada alitia kufuli lake kwenye mkoba akarudi kwa mumewe, na kabla ya kwenda alinikumbatia, jambo ambalo hatukuwa tumelizoea. Nilijiona mshindi. Nilipiga nyundo zangu nikiimba.

Siku ya nne nilimpelekea chai na mkate. Aliinua macho akanitazama kwa upole mkubwa, upole ambao watu humwekea mgeni.

"Mzee, unapanda na hii treni ya Kalemie?"

Aliniita mimi mzee. Nilisema ndiyo.

Akaukata mkate katikati kwa mkono. Nusu moja akaiviringisha kwenye gazeti nililokuwa nimeweka chini ya sahani, akakunja ncha vizuri, akanipa.

"Niko na mutoto mudogo kule nyumbani. Anangojaka ku mulango. Anaumwa surua. Umupe huu mukate, umwambie siwezi kutoka. Mwenzangu hayakuya bado."

Nilitaka kumwambia, Papa, huyo mutoto ni miye, nilipona. Maneno yalifika mpaka menoni. Lakini nikijitambulisha ningeivunja zamu yake: angesimama, angetoka kumtafuta mtoto wake, na barabara ilikuwa palepale nje. Nilimwambia nitampa. Akashukuru, akarudisha macho kwenye reli.

Nilitoka nikakaa kwenye benchi langu. Mteja alikuja kuuliza viatu vyake, nikamwambia arudi kesho. Nilifungua gazeti nikaula ule mkate mkavu mpaka ukaisha, sikummegea mtu.