Matairi Mapana ya Mzee Aminieli

Tarehe 18 Aprili 2023, siku ya Jumanne, Land Rover ya Mzee Aminieli Nnko ilikwama saa nane na dakika kumi mchana, kilomita mbili na nusu chini ya nyumba yake, kwenye mteremko wa Mlima Meru. Ilinasuliwa saa kumi na moja na dakika hamsini jioni. Ni saa tatu na dakika arobaini. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa amelazwa mkewe, Tabea, aliyekuwa akitapika damu tangu asubuhi. Alikata roho saa kumi na nusu, kichwa chake kikiwa mapajani mwa binti yao, Ruth, huku wanaume wanane wakichimba udongo chini ya gari kwa majembe.

Saa hizo alinitajia Mzee Aminieli mwenyewe, miezi tisa baadaye, katika gereji ya Ngarenaro, huku mjini, ninakofanya kazi. Hakuzitaja kwa kulalamika. Alizitaja kama mtu anayemweleza fundi mahali gari linapogonga.

Alizaliwa mwaka 1964, akalima kahawa na migomba katika shamba la baba yake, kijiji cha mwisho kabla ya msitu. Land Rover aliinunua kwenye mnada mwaka 1998, mradi mmoja wa maji ulipofungwa, na tangu hapo hapakuwa na gari jingine kijijini. Ilibeba madumu ya maziwa, magunia ya kahawa, mchanga wa kujengea kanisa, maharusi na majeneza. Mgonjwa hakulipa nauli. Ndugu zake walichangia mafuta, na wasipokuwa nayo, gari liliondoka hivyo hivyo. Usukani hakumwachia mtu. Aliijua njia kiasi cha kuendesha huku amegeuka nyuma kuzungumza na abiria, nao walipomkemea aliwajibu, "Mikono inaijua njia kuliko mimi. Iacheni ifanye kazi."

Alikuja kwetu Januari 2024 akiwa na fimbo ya mti wa mbuni.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia.

"Marahaba, binti yangu. Mwenyewe yupo?"

Mwenye gereji ni Mzee Paramjit, Singasinga wa miaka sabini na moja, aliyelitengeneza gari hilo tangu siku liliponunuliwa. Alitoka stoo akifuta mikono.

"Aminieli! Na fimbo? Umekuja kunichapa?"

"Ningekuchapa siku ile uliyonibandika bei ya klachi. Hii ni kipimo."

Fimbo ilikuwa na alama mbili zilizochongwa kwa kisu. Ya chini ilionyesha urefu kutoka ardhini hadi kwenye difu, lile bonge la chuma linaloning'inia katikati ya ekseli. Ya juu ilionyesha urefu wa tuta la katikati ya njia, mahali ambapo magurudumu yamechimba mifereji miwili na udongo umebaki umesimama baina yake. Difu ndiyo iliyokuwa imekaa juu ya tuta hilo siku ile, magurudumu yote manne yakizunguka bila kushika chochote. Nilipima nafasi kati ya alama hizo mbili: sentimita nne na milimita mbili.

"Hizo ndizo zilizoniulia mke," alisema. "Na Ruth anajifungua Aprili, masika yale yale. Nataka zitoke."

Ruth alikuwa amerudi nyumbani kumtunza baba yake; mumewe alifanya kazi mgodini Mererani.

Kuinua springi kusingesaidia, kwa sababu springi huinua bodi na kuiacha difu pale pale. Kinachoinua difu ni gurudumu kubwa peke yake, nalo huiinua kwa nusu tu ya kile kilichoongezeka. Nilimwandikia hesabu hiyo kwenye karatasi. Matairi marefu na membamba, ambayo ndiyo yanayolifaa gari la namna ile, yaliuzwa laki nne na nusu kwa kila moja yakiwa mapya. Ya mtumba yaliyopatikana mjini yalikuwa mafupi kidogo; yangeinua difu sentimita tatu na nusu, na fimbo ilidai nne na zaidi. Yaliyobaki yalikuwa matairi mapana yaliyovuliwa kwenye magari ya watalii, laki moja na thelathini kila moja, kashata zake, yale meno ya mpira yanayoshika njia, bado zikiwa na kina cha milimita tisa. Hayo yangeinua difu sentimita tano kasoro kidogo. Mzee Aminieli aliuza mtamba, akayachukua manne.

Kazi ilichukua siku mbili, tarehe 23 na 24 Januari. Mzee Paramjit alitoa ringi pana za gari bovu lililokuwa uani, akazitoza nusu ya bei. Nilikata kingo za madigadi na kuzisawazisha kwa tupa. Tulipokata usukani hadi mwisho, tairi la mbele lilikwaruza mkono wa chuma unaoshikilia ekseli. Dawa isiyogharimu kitu ilikuwa kurefusha boliti mbili za kikomo, zile zinazozuia gurudumu lisigeuke kupita kiasi. Nilizirefusha hadi kidole changu kikapita kati ya tairi na chuma. Kisha nilichora duara la kugeuka kwa chaki uani na kulipima. Kabla ya kazi gari lilihitaji upana wa mita kumi na tatu na sentimita arobaini. Sasa lilihitaji mita kumi na tano na sentimita sitini. Niliandika vipimo vyote viwili kwenye kadi ya kazi na kumsomea.

"Kwa lugha ya shambani maana yake nini?" aliuliza.

"Maana yake, mzee, mahali ulipozoea kugeuka mara moja, huenda ukalazimika kurudi nyuma kidogo ndipo umalizie."

"Basi nitarudi nyuma. Kuna ubaya gani?"

"Huyu?" Mzee Paramjit alidakia. "Miaka ishirini na sita tunapatana bei, sijamwona akirudi nyuma hata shilingi mia!"

Walicheka wote wawili, nami nikacheka. Alikuwa ameleta kipimo cha tuta. Kipimo cha kona hakuna aliyemwuliza, hata mimi niliyeshika futi mkononi.

Wiki moja baadaye alirudi na mkungu wa ndizi.

"Tuta limepita chini bila hata kugusa," alisema. "Nimesimamisha gari, nimeshuka, nimeingiza fimbo. Inapita." Kisha akapunguza sauti. "Ila kuna kona moja juu ya korongo imenikataa. Nimerudi nyuma mara moja, ikakubali."

Mzee Paramjit aliuweka mkungu chini.

"Korongo lina kina gani?"

"Kina cha kutosha."

"Leta gari. Tutafute matairi membamba, haya tuyauze."

"Membamba ya bei gani? Nina mtamba mwingine? Masika yapite kwanza, Singasinga. Mtoto azaliwe, ndipo tufanye utakavyo. Kwanza tuta."

Nilipiga tena hesabu ya matairi membamba ya mtumba mbele yao. Ilikuwa ile ile, sentimita tatu na nusu, na fimbo ilikuwa pale mezani. Hakuna aliyeweza kubishana nayo.

Ruth alishikwa na uchungu alfajiri ya tarehe 9 Aprili 2024, baada ya siku tatu za mvua. Yaliyofuata alinisimulia yeye. Waliondoka nyumbani saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi. Walipolivuka tuta baba yake alisema neno moja tu: "Tumepita." Penye kona alisimama, akashuka kukagua ukingo, akarudi ndani, akarudisha gari nyuma mara moja, taratibu, kisha akamalizia kugeuka. Walifika hospitali saa moja na dakika ishirini na tano. Mtoto alizaliwa saa tatu na robo, msichana, na kamba ya kitovu ilikuwa imemzunguka shingoni mara mbili. Mkunga alimwambia Ruth kwamba wangechelewa saa moja zaidi, angempata mtoto mwingine siku nyingine, si huyu.

Mzee Aminieli aliruhusiwa kumwona mjukuu saa saba mchana.

"Ana masikio ya bibi yake," alisema. "Makubwa. Atasikia umbea wote wa kijiji."

"Baba, pumzika kwanza. Hujalala."

"Na ng'ombe wakamuliwe na nani, wewe?"

Aliondoka saa saba na nusu. Mvua ilikuwa imeanza tena. Saa kumi kasoro robo watu waliokuwa wakikata majani ya mifugo waliliona gari chini ya korongo, limelala ubavu juu ya mawe. Alikuwa ndani yake, ameshafariki.

Siku ya pili mimi na Mzee Paramjit tulipanda huko. Alama za magurudumu zilikuwa bado zinasomeka kwenye tope. Hapakuwa na alama ya kurudi nyuma, wala ya breki. Palikuwa na mkunjo mmoja, safi, wa gari linalopanda kwa kasi ya kawaida ya kushinda tope, nao ulikwenda ukapita ukingo. Alikata usukani hadi mwisho, kama alivyoukata hapo kwa miaka ishirini na sita, akasubiri gari limalize kona. Akiwa na Ruth ndani, alikumbuka. Akiwa peke yake, aliiachia mikono.

Nilitoa futi ndefu kupima upana wa kona. Mzee Paramjit alishika ncha ya pili, kilemba chake kikilowa.

"Ngapi?"

"Mita kumi na nne na nusu."

"Imepungua ngapi?"

"Mita moja na sentimita kumi."

"Andika," alisema, kisha akageuza uso kuelekea mlimani.

Siku ya mazishi nilimfuata Ruth nyuma ya nyumba, alikokuwa ameketi na mtoto. Nilikuwa nimepanga maneno. Hakuyangoja.

"Dada, usinipe pole ya matairi," alisema. "Mimi nilipita."

Fimbo ya mbuni ilibaki gereji. Mzee Paramjit ameiegemeza nyuma ya mlango wa stoo, na mteja yeyote wa njia za milimani anayetaka matairi makubwa huulizwa kwanza juu ya kona zake. Kadi ya kazi ya tarehe 24 Januari ninayo mimi. Vipimo vyake ni sahihi.

Tarehe 9 Aprili 2025 nilipanda tena na futi ile ile. Wanakijiji walikuwa wameichimba kona kwa majembe, Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka ikafikia upana wa mita kumi na sita na sentimita ishirini. Hapakuwa na gari kijijini. Katika mwaka huo wagonjwa wanne walibebwa kwa machela hadi barabara ya chini, na wawili walifika wakiwa hai.