Wageni wa Mbugani

Nyumba ya Margareta haikuwahi kuwa tupu. Bibi yake alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kongo akiwa na chungu kimoja na mtoto mgongoni, akapokewa kijijini Ilagala na watu asiowajua, na tangu hapo ukoo wao ukaamini kwamba mlango umewekwa ili ufunguliwe. Margareta mwenyewe alikata nyasi za kuezekea. Wavuvi walisema ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mundu wake, naye hakuwakatalia.

Miaka ile ya tisini Burundi ilipokuwa ikiwaka, mashua ilimshusha Kagunga, kijiji cha mpakani, msichana mjamzito aitwaye Asnath, na hatimaye njia ikamfikisha kwa Margareta.

"Karibu. Wewe ni mgeni wangu."

Asnath akalitazama tumbo lake, akacheka kwa mara ya kwanza tangu avuke mpaka. Kwa Kirundi, umugeni ni bibi harusi. "Umechelewa kuniposa, mama," akasema.

Mtoto, Feliksi, alizaliwa juu ya mkeka wa Margareta. Wakimbizi walitakiwa kukaa kambini, lakini kambini Asnath hakuwa na mtu, na hapa alikuwa na mama. Basi akawa anapita nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, na kila aliposikia lori la kukusanya wakimbizi aliingia ndani.

Ndipo serikali ikataka kuifungua mbuga. Ilikuwa nyika ya majani kati ya kijiji na mto Malagarasi, iliyohifadhiwa kwa ajili ya nzohe, swala wa kinamasi, na ndege kama korongo. Wakata nyasi tu ndio walioruhusiwa kuingia, tena kiangazi. Afisa maliasili, Bwana Yassir, kijana mpole aliyehamishiwa Kigoma kutoka Tanga, akaja kupanga na wanakijiji njia za kupita. Walikutana darasani, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto.

"Wageni watapita njia moja tu," akaeleza Yassir. "Kila mgeni atahesabiwa. Mtu asije akamlaza mgeni nyumbani kwake kwa siri. Jioni gari litawakusanya wote."

"Kuanzia lini?" akauliza Mzee Dismasi, mwenyekiti wa kijiji.

"Tukielewana leo, hata wiki hii."

Margareta hakusikia zaidi. Katika vinywa vya Ilagala miaka ile, mgeni alikuwa mtu wa aina moja tu: aliyekimbia vita. Akainuka.

"Unakwenda wapi, Mama Margareta? Hatujafika kwenye nyasi zako!" akaita mwenyekiti.

"Nimeacha maharage motoni."

Alimchukua Asnath na mtoto, akawaingiza mbugani, pale majani yanapompita mtu kimo. "Usitoke mpaka nikuite."

"Ego, mama," akaitikia Asnath kwa Kirundi.

Kumbe Yassir naye, alipomaliza kikao, aliomba kuiona njia kwa macho yake. Margareta alipotokeza majanini akakutana naye uso kwa uso, na Mzee Dismasi nyuma yake amebeba vigingi begani.

"Maharage siku hizi yanapikwa mbugani?" akauliza mzee.

"Msipite huku. Kuna matope."

"Kiangazi hiki?"

"Basi kuna nyoka."

"Nyoka gani, mama?" akauliza Yassir.

"Mkubwa. Ana mtoto."

Nyoka akapiga chafya. Kisha mtoto wa nyoka akaanza kulia.

Asnath akatokeza, majani kichwani, Feliksi kifuani. Margareta akasimama mbele yake. "Huyu ni binti yangu. Hilo gari lako la kukusanya wageni likija, bwana, nitapanda mimi kwanza, na mundu wangu mkononi."

Yassir akamtazama yeye, akamtazama Asnath, kisha akashika kichwa. "Mama! Wageni, yaani watalii! Wazungu na darubini zao! Watu wa kuja kutazama ndege!"

Mzee Dismasi alitupa vigingi chini, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Wanatoka kwao mpaka hapa," akasema Margareta polepole, "kwa ajili ya ndege?"

"Ndiyo, mama."

"Masikini," akasema, akakaa palepale majanini.

Lakini Asnath hakucheka. "Na mimi, bwana?"

"Dada, mimi nimetumwa majani na ndege," akajibu Yassir. "Mambo ya watu yana wenyewe."

"Wenyewe ni sisi," akasema Mzee Dismasi. "Huyu ni wa nyumba ya Margareta. Nilishamsemea huko wilayani kabla hata mtoto hajaota jino."

Margareta akageuka. "Ulijua?"

"Mtoto analia hivi, nani asijue? Sisi tulidhani anapenda tu kupita migombani."

Vigingi vikapigwa upande wa mtoni, mbali na sehemu ya wakata nyasi, na Yassir akakubali kwamba kibao cha njiani kiandikwe watalii, maana neno mgeni lina kazi nyingine hapa.

Waliporudi, Asnath akakunja kuelekea migombani kama kawaida. Margareta akamvuta kanga. Wakapita barabarani, jua likiwa bado juu, mbele ya vichanja vya dagaa, mbele ya kila mtu.

"Asnath! Mtoto hajambo?" mwanamke mmoja akaita kutoka kwenye dagaa wake.

"Hajambo!" akajibu Asnath, kwa sauti ambayo Margareta hakuwahi kuisikia nje ya nyumba.