Mvua Niliyowaombea Waliomuua Boay

Asubuhi ile mimi na mdogo wangu Boay tulikuwa tunavuna ngwara, jamii ya maharage, shambani kwetu Qurus, Karatu. Boay alinitania kwamba wazee wa kanisa kama mimi huvuna huku wamefumba macho, ndiyo maana nusu ya maganda nayaacha nyuma. Nyumbani Mama alikuwa anachemsha makande.

Malisho ya Olbalbal, ng'ambo ya msitu na kreta ya Ngorongoro, yalikuwa yamekauka, na wafugaji wa Kimasai walikuwa wameteremka na ng'ombe wao hadi kwetu. Jirani mmoja alimkuta ndama shambani kwake akamkata mguu kwa panga. Jua lilikuwa halijapanda sawasawa, tayari watu wanatupiana mishale na mikuki.

Tulikimbilia korongoni. Boay akasimama.

Alizoea kufanya biashara mnadani na Wamasai, na alijua desturi yao: mtu akishika nyasi mkononi anaomba amani, hapigwi. Lakini shamba letu tulikuwa tumelipalilia vizuri. Nyasi hazikuwapo. Aling'oa mmea wa ngwara, akauinua juu.

Kijana mmoja alirusha mkuki.

Nilimshika Boay kichwa. Akafia mikononi mwangu.

Askari walikuja, mapigano yakaisha, tukazika. Wafugaji nao walizika wa kwao. Sikujali, na sijifanyi kwamba nilijali. Kanisani mimi ndiye ninayeongoza slufay, sala ya wazee wetu: mmoja hutamka, wote huitikia. Miaka iliyofuata niliomba mvua inyeshe Karatu na ikome pale msitu wa Ngorongoro unapoanzia. Waumini waliitikia kwa nguvu.

Ukame uliporudi, Jumapili moja Mepukori, mzee wa boma la kijana yule aliyerusha mkuki, alisimama mlangoni pa kanisa na wenzake. Mkononi alishika nyasi.

"Ndama wetu wanakufa, mzee," alisema. "Tumesikia wewe unaomba mvua. Tuombee na sisi."

"Mdogo wangu naye aliomba."

Aliziinamisha zile nyasi. "Kijana wetu alidhani mdogo wako anatuonyesha mazao tuliyoharibu, kwamba anadai damu. Alikosea. Hatujaja kujitetea."

Nilitaka kumfungia mlango. Nilitaka ng'ombe wao wafe wote, na wao wabaki kuwaangalia. Mchungaji alitazama sakafu. Aliyesema ni Mama, kutoka benchi la nyuma.

"Boay alikuwa mwanangu kabla hajawa mdogo wako. Omba."

Niliomba, meno nimeyauma. Mvua ikaanzia kwao. Tuliiona ikinyesha upande wa kreta huku ngwara zetu zikisinyaa, nami nikamwuliza Mungu waziwazi yuko upande wa nani. Ya kwetu ilichelewa, mavuno yakawa haba.

Mepukori na watu wake bado huja, na siku hizi kijana yule huja nao. Sijawasamehe, nikisema nimewasamehe nitakuwa namdanganya Mungu madhabahuni pake. Ila sala siikomeshi tena msituni. Naipeleka hadi Olbalbal, kwa watu na mifugo, maana kama Mungu ni wangu peke yangu, basi ni mdogo mno kunitunzia Boay.

Lakini kabla ya kuomba mvua hulitamka kwanza jina la Boay, polepole, nikimtazama kijana yule machoni. Slufay haina mtu wa kunyamaza. Lazima aitikie kama wengine. Huitikia, na kila mara sauti yake hukatika.